Mwizi Aliyesimama Kuamkia

Filamu yangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa mwizi.

Jiji nilikuwa nalo. Sikulipa jina, ila lilikuwa jiji baya kweli: magenge kila kona, polisi wala rushwa, na vichochoro ambavyo ukiingia na mkoba unatoka mikono mitupu. Nililiandika lote kwenye daftari ambalo mdogo wangu alikuwa amebakisha kurasa. Shujaa nilikuwa naye pia, maana ni mimi mwenyewe: msichana ambaye mamake anauawa na mwizi, naye anajifunga leso kiunoni na kuanza kuwasaka wabaya mmoja mmoja. Mama wa shujaa alikuwa shangazi yangu, aliyekubali kufa kwa sharti kwamba hataangukia matope. Kamera ilikuwa simu ya binamu yangu, yenye ufa mmoja kwenye kioo, na binamu mwenyewe ndiye mpiga picha.

Silaha niliitoa kazini. Nauza kwenye duka la vitambaa Malindi mjini, tangu nilipoishia kidato cha pili, na pale tuna fimbo ya chuma ya kupimia nguo ambayo sisi twaiita mita. Ni nyembamba, yang'aa, na ukiipunga hewani yalia vizuri. Shujaa wangu alimpima kila mhalifu kwa mita ile kuanzia utosini hadi miguuni, kisha akasema: "Nimeshakupima. Umepungua." Ndipo anampiga. Maneno hayo niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha dukani wiki nzima, na wateja wawili walidhani nawaambia wao.

Mwizi sasa.

Nilianza na kijana anayeosha magari karibu na kwetu, mtaa wa Kisumu Ndogo. Akaniambia, "Dada, nikionekana nanyakua mkoba, hata kwa filamu, siku mkoba wa mtu ukipotea hapa mtaani nitaulizwa mimi." Nikamwendea mwingine, ana kifua kipana na kovu zuri shavuni. "Nipe polisi," akasema. "Au nipe maiti. Mwizi sitaki." Wa tatu alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniuliza kama nimekosa mume ndiyo natafuta mwizi.

Nikarudi dukani nimekunja uso. Kwenye baraza la duka letu kuna fundi cherehani. Bosi wangu, Mhindi aliyezaliwa papo hapo Malindi na anayejua Kiswahili kunishinda, amempa nafasi ya kuweka cherehani yake kivulini. Mteja akinunua kitambaa kwetu, anamkuta fundi mlangoni. Ni mwembamba, mpole, na anapokata nguo utadhani anaiomba radhi kwanza.

"Huyo mwizi wako anaongea sana?" akaniuliza, macho kwenye sindano.

"Kidogo tu."

"Ana matusi?"

"Tusi moja."

"Litoe hilo, nitakuwa mwizi."

Nilimrukia kwa furaha mpaka uzi ukamkatikia. Akaufunga upya, halafu akasema taratibu, kama mtu anayeongea na cherehani, "Ila tumalize mapema. Wazee wangu wamekwenda kuposa."

"Wapi?"

"Dabaso."

Nikapiga kelele mpaka bosi akatoka nje. Mchumba mwenyewe alikuwa amekuja kushonesha sare za kwaya, akaja tena kuzijaribu, akaja mara ya tatu kulalamika kwamba mikono ni mirefu, na mara ya nne hakuwa na sababu yoyote. Fundi alisimulia hayo huku amejificha nyuma ya kitambaa. Nilifurahi naye sana. Kumtaka awe mwizi na kumwombea apate mke, yote mawili niliyafanya asubuhi ile ile, na sikufikiri hata kidogo kwamba yanaweza kugongana.

Tulikuwa tunapiga filamu Jumapili mchana, duka likifungwa. Shida ya kwanza ilijitokeza mara moja: jiji langu baya lilikuwa linasalimiana mno. Kila nikikunja uso mtu anapita, "Hujambo? Za nyumbani? Mama hajambo?" Watoto walitufuata kama harusi. Mama muuza maji kibandani alisimamisha filamu mara mbili kutuuliza tumekula.

Lakini kipande cha kufukuzana ndicho kilichonivunja moyo. Fundi ameshanyakua mkoba, shangazi ameshakufa vizuri mahali pakavu, nami namkimbiza mwizi kichochoroni na mita mkononi. Anakimbia vizuri ajabu. Binamu anatukimbilia kando na simu. Mara mzee mmoja akatoka uani kwake, ameshika birika la kutawadhia. Fundi akasimama ghafla. Akauficha mkoba wa wizi mgongoni, akainama kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwaenda wapi na jua lote hili?"

"Twakimbia kidogo tu, mzee."

"Haya, Mungu awape afya."

Nami nilikuwa nimeshafika na mita yangu juu. Ningefanya nini? Nikaishusha. "Shikamoo mzee." Nikaitikiwa. Kisha mwizi akaanza kukimbia tena, nami nikaendelea kulipiza kisasi.

Nilitaka turudie. Binamu alikuwa amechuchumaa ukutani kwa kicheko, na simu ilikuwa karibu kuzima. "Nitakikata kile kipande," akaniahidi. Baadaye alijaribu, akasema akikata picha sauti yote inahama, watu watakuwa wanaongea kabla ya kufungua midomo. Basi kikabaki. Nilikionea aibu kipande kile kama doa kwenye nguo nyeupe.

Mwisho wa filamu, hata hivyo, ulikuwa mwisho! Damu tuliitengeneza kwa mabuyu, yale mekundu ya sukari. Tuliyaloweka kwenye maji ya moto mpaka yakatoa rangi yote, tukamwagia fundi kifuani na mdomoni, akalala chali kichochoroni.

"Maiti hailambi!" nikamfokea.

"Inaingia yenyewe," akanijibu kwa kona ya mdomo.

Tulirudia mara nne, na mara ya nne sisimizi walikuwa wameshamkuta, lakini alijikaza kiume. Nikasimama juu yake. Nikampima. Nikasema maneno yangu. Nikakaza leso kiunoni na kuondoka bila kugeuka, jua likiwa usoni mwangu. Mwisho huo niliuota tangu niko darasani, badala ya kusikiliza hesabu. Nilipouona kwenye simu, nililia kidogo. Nilijiona mtu mkubwa.

Sasa, kwetu huku wazee wakishaposa, upande wa mwanamke hawajibu tu hivi hivi. Wanatuma watu wawili watatu mtaani kwa kijana, kimya kimya, wakauliziulizie tabia yake. Watu hao hawajitambulishi. Wanakuja kama wapita njia, wanaomba maji, wanauliza mambo ya hali ya hewa, na katikati wanapenyeza swali lao.

Wa Dabaso walikuja siku ya Jumanne, mwanamume na mwanamke, wakasimama kwenye kibanda cha maji. Mama muuza maji ndiye aliyenisimulia yote, huku anajifuta machozi, mwanzo ya kicheko na baadaye ya kweli.

"Samahani mama," mwanamume akauliza, kikombe mkononi, "hapa kwenu yuko kijana fundi cherehani?"

Kabla mama hajafungua mdomo, watoto wakadakia: "Yule mwizi!"

"Mwizi?"

"Ehe! Alimnyang'anya mama mmoja mkoba, yule mama akafa!"

"Na Jumapili alipigwa na dada wa dukani kwa chuma! Damu ikamtoka hivi, hivi!"

Mama muuza maji alicheka mpaka akashindwa kusema. Alipopata pumzi akatoa neno lililoharibu kabisa: "Aa, huyo fundi wetu! Kupigwa kwake ni kila Jumapili." Alidhani wageni wameshaelewa ni filamu. Alipoinua kichwa, vikombe viko mezani, maji nusu, wageni hawapo.

Jibu lilifika kabla ya wiki kwisha. Wazee wa fundi waliambiwa wangoje kwanza. Kwetu ukiambiwa ungoje kwanza, hungoji, umeshajibiwa. Na nyuma ya jibu yakafuata maneno mengine: kwamba kijana ni mwizi, na si mwizi tu, hupigwa na wanawake.

Fundi hakunigombeza. Asubuhi ile alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto, akalitazama, akalifumua, akalishona vile vile tena. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana mbele ya soko zima.

"Nitakwenda mwenyewe Dabaso," nikamwambia. "Nitawaeleza."

"Utawaeleza nini? Wewe ndiye dada wa dukani mwenye chuma."

Bosi alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akaingia ndani, akatoka na doti ya leso mpya, nzuri, nyekundu na nyeupe. "Huendi kwa watu mikono mitupu," akasema. "Wala huendi peke yako, nenda na mtu mzima. Na mita uiache hapa."

Nilikwenda na shangazi. Tulipofika nyumba yenyewe tulikaribishwa kwa adabu, mikeka ikatandikwa, lakini nyuso zilikuwa zimefungwa. Katikati alikaa bibi wa msichana, ambaye pale nyumbani wote walimwita hawe, ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi. Ilionekana wazi kwamba neno la mwisho ni lake. Kando alikaa mjomba, yule aliyekunywa maji nusu kikombe. Na uani nyuma yetu, msichana mwenyewe alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, ametupa mgongo, masikio yote kwetu.

Tukaamkia. Shangazi yangu akaona afungue yeye.

"Mimi," akasema, mkono kifuani, "ndiye yule mama aliyekufa."

Hawe akamtazama juu mpaka chini. "Nakuona mzima."

"Mzima, nashukuru Mungu."

Mjomba akakohoa. Basi nikaona maneno hayatafika popote, nikaomba ruhusa, nikaegemeza simu ya binamu kwenye kopo la chumvi na kuifungua filamu. Hawe akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu ndiye mwizi?"

"Ndiye, hawe."

"Mwembamba."

Nyuma yangu nazi ilikunwa kwa kasi, kra, kra, kra. Kila fundi alipotokea kwenye kioo, mbuzi ilinyamaza; akitoka, ilianza tena. Shangazi akafa. Hawe akamgeukia, "Umekufa vizuri," na shangazi akashukuru. Kufukuzana kukaanza. Nilijua kipande gani kinakuja, nikanyoosha kidole nikiruke.

"Hapa tulikosea, hawe, ngoja nipeleke mbele."

Akanishika mkono. "Wacha."

Mzee akatoka na birika lake. Fundi akasimama, akaficha mkoba, akainama. Shikamoo mzee. Marahaba. Twakimbia kidogo tu.

"Rudisha," akasema hawe.

Nikarudisha. Akatazama tena. Akataka tena mara ya tatu. Mbuzi ilikuwa kimya kabisa.

"Mwizi gani huyu," akasema, haulizi mtu, "anafukuzwa na chuma, naye anasimama kumwamkia mtu mzima?"

"Tulikosea, hawe, tulitaka kukikata…"

"Hamkukosea. Hapa ndipo aliposahau kuigiza."

Mjomba akajaribu: "Lakini watoto walisema…"

"Watoto walisema walichokiona. Nawe ungemaliza maji yako ukaulizia vizuri."

Nilihisi kama nimetuliwa gunia lililokuwa kichwani. Nikalegea mkekani, nikatabasamu peke yangu kama mjinga, nikasahau kwamba filamu ilikuwa inaendelea. Nilishtushwa na hawe. Ameshafunika simu kwa ncha ya leso yake.

"Huyu amelala nini hapa?"

"Amekufa, hawe. Kwa filamu tu. Hii ni rangi ya mabuyu."

"Sitaki, hata kwa mabuyu." Sauti haikupanda, lakini hata kuku waliondoka karibu. "Mtu ameposa mjukuu wangu, halafu analazwa chini na damu, watu wanamtazama? Halafu siku ya harusi wanamtazama tena amevaa suti? Hapana. Huo mwisho uondoe, ndipo tuzungumze."

Mwisho wangu! Jua usoni, leso kiunoni, bila kugeuka.

"Hawe," nikasema, "hii ni filamu ya kisasi. Asipokufa, kisasi kiko wapi?"

"Kwani aliiba nini?"

"Mkoba."

"Aurudishe mkoba."

"Na mama aliyekufa?"

Hawe akaelekeza kidevu. Wakati huo shangazi alikuwa ameletewa muhogo wa nazi na alikuwa ameshafika nusu ya sahani. "Mama huyu hapa, anakula."

"Mimi tangu mwanzo nilisema nizimie tu," akasema shangazi, mdomo umejaa.

Nikageuka. Msichana alikuwa amesimama, nusu ya nazi mkononi, chembe za nazi mpaka kwenye viwiko. Aliniangalia tu, kama mtu anayeangalia mkono ulioshika kamba ambayo mwishoni mwake amefungwa mtu wake. Sikujua uso unaweza kuomba namna ile. Filamu nzima niliyoandika haikuwa na uso kama huo hata mmoja.

"Tutauondoa," nikasema.

Iliniuma, siwezi kudanganya. Jioni binamu aliniuliza mara mbili, "Nifute kweli?" Nikachukua simu, nikabonyeza mwenyewe, fundi akiwa pembeni anajifanya anatafuta sindano iliyoanguka.

Mwisho mpya tuliupiga Dabaso, Jumapili iliyofuata, kwa sababu hawe alisema hawezi kuamini mpaka auone, na akishauona tutakuwa nao. Binamu alianza kumpanga mjomba awe polisi. Mjomba akakataa, kisha akaenda ndani na kurudi amevaa shati la kaki. Fundi alipiga magoti na kuunyoosha mkoba. Mimi nikainua mita. Niliandika kwamba hawe atatokea katikati yetu na kusema maneno mawili mazito kuhusu haki. Nilimsomea, akaitikia kwa kichwa. Tulipoanza, nikampima mwizi utosini mpaka magotini na kutamka, kwa mara yangu ya mwisho:

"Nimeshakupima. Umepungua."

"Hajapungua," hawe akaingia, hayo sikuyaandika mimi. "Mwongezeni chakula." Halafu akaushika mkono wangu wenye mita, akaushusha pole pole. "Weka chuma chini, mwanangu. Mwenzio amechoka kukimbia."

Nikalia. Sikuwa naigiza. Binamu, Mungu ambariki, hakucheka safari hii, na simu haikutikisika.

Tuliionesha dukani, Jumapili mchana, milango imefungwa nusu. Bosi alitundika kipande cha marekani nyeupe ukutani, akaazima mashine ya kurushia picha kwa shemejiye, akakaa mbele kabisa kwenye kiti chake. Kisumu Ndogo nzima ilikuwa imekaa sakafuni kati ya majora ya vitambaa. Walicheka pale nilipotaka waogope. Shangazi alipozimia, watoto walimpigia makofi. Na mwizi aliposimama kuamkia, duka lilivuma, na yule mzee wa birika, ambaye hatukuwa hata tumemwalika, akainuka katikati ya watu: "Ndiyo mimi huyo! Mwaniona? Ndiyo mimi!" Ilibidi tuirudishe nyuma kwa ajili yake.

Ilipokwisha, yule kijana mwenye kovu zuri akalalamika. "Filamu ya kisasi haina maiti hata mmoja?"

"Kaa chini," mama muuza maji akamwambia. "Si ulipewa nafasi?"

Jibu la Dabaso lilikuja, na safari hii halikuwa la kungoja. Kitambaa cha nguo ya bibi harusi nilikipima mimi, kwa mita ile ile, na nikaongeza kidogo juu bosi akiangalia pembeni kwa makusudi. Fundi aliishona mwenyewe, mikono yote miwili pahali pake.

Watoto wa mtaani hawajamsamehe, au tuseme hawajamsahau. Akipita asubuhi na mkewe kuja barazani, wanakimbia nyuma yake wakiimba kwa pamoja, "Shikamoo mwizi!"

Naye husimama, kila mara, akawageukia.

"Marahaba," anawajibu.